"Ni Hapo Tu Ng'ambo" Ni Uongo: Fungueni Mizigo Pamoja na Watoto

Wasee wa Busia, Malaba, Matayos na Busibwabo, pamoja na nyinyi mnaotembea na laini mbili mfukoni, moja ya Kenya na moja ya Uganda: leo sina utani. Kuna sentensi nimechoka kuisikia hapa mpakani na nataka tuizike. Sentensi yenyewe ni hii: "Si ni hapo tu ng'ambo?"

Inasemwa kila familia inapohama. Mtu amekaa Jinja miaka 7, kazi imeisha, anarudi huku. Mwingine alikuwa Tororo, sai amepata kibanda cha biashara Malaba. Mama mwingine ameachana na mzee Kampala, anarudi kwao Nambale na watoto watatu. Ukiuliza watoto wameambiwa nini, jibu ni lile lile. "Waambiwe nini? Si ni hapo tu ng'ambo?"

Basi kanta inapakiwa usiku. Mtoto anaamshwa alfajiri, anavalishwa sweta, anasukumwa katikati ya godoro na friji. Wakifika upande huu, watoto wanapelekwa kwa kukhu ama kwa jirani ambaye hata hawamjui, "ndio wasisumbue." Wakubwa wanafungua mizigo. Jioni watoto wanarudi wanakuta nyumba imeshapangwa: TV ukutani, pazia dirishani, vyombo kabatini. Halafu mmoja anauliza kitu chake kiko wapi. Anajibiwa, "Ile takataka? Tuliiacha."

Wacha niseme msimamo wangu mapema, ndio mwenye kutaka kukasirika aanze sasa. Ukivusha mtoto mpaka, hata kama ni kilomita 2, umemhamisha nchi. Na mtu aliyehamishwa nchi anafaa kufungua mzigo wake kwa mikono yake, akiwa ndani ya hiyo nyumba, na kuamua mwenyewe kitu chake kitakaa wapi. Kumfungulia akiwa kwa jirani, halafu umwambie "karibu nyumbani," ni kumfanya mgeni kwa mama yake.

KARIBU KWA NANI?

Kwako wewe mtu mzima, ng'ambo ni karibu kweli. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka kwa kitambulisho tu. Unaenda asubuhi kununua ndizi, saa sita uko kwako. Watu wetu ndio waliozaa neno boda boda hapa hapa, wakibeba abiria kwa baiskeli kutoka geti moja hadi lingine. Mpaka kwetu ni kama barabara ya mtaa.

Lakini mtoto wa miaka 8 hana kitambulisho. Hana doo. Havuki peke yake. Kwake yeye, ng'ambo ni mahali ambapo hawezi kurudi mpaka mtu mzima aamue. Marafiki zake wako umbali wa boda moja na hawezi kuwafikia. Mimi naona hiyo ni ngumu kuliko kuhamia mbali. Aliyehamia Canada anajua amehama, kila mtu anamwonea huruma. Huyu wetu anaambiwa hajahama.

Sasa angalia vitu vilivyobadilika usiku mmoja.

Shule. Jana alikuwa P4, anaelekea mtihani wa PLE wa darasa la saba, wenye masomo manne: Kiingereza, Hesabu, Sayansi na Social Studies. Kiswahili hakimo. Serikali ya Uganda iliamua 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe shuleni, lakini mtoto anayeshuka kwenye kanta leo hajawahi kuandika insha. Huku anaingia Gredi 4, ndani ya mfumo unaomtoa msingi Gredi 6, unampeleka junia mpaka Gredi 9, na Kiswahili ni somo la lazima. Watoto wengi hushushwa darasa kwa sababu hiyo moja. Mtoto alikuwa namba 2 kwao, hapa anakaa na wadogo zake, na kila mtu anadhani hana akili.

Pesa. Noti ya 1,000 ya Uganda haifiki shilingi 50 zetu. Mtoto alizoea kutumwa na maelfu, sasa anapewa 20 na hajui kama inatosha mandazi. Akikosea chenji, anafokewa.

Maneno. Kule moto wa makaa uko kwa sigiri, huku ni jiko. Kule anakula posho, huku ni ugali, na chakula ni kile kile. Kule anacheza kwepena, huku ule mchezo wa kukwepa mpira unaitwa kati. Ni mchezo ule ule, watoto wawili wanarusha na mmoja yuko katikati. Lakini siku ya kwanza akisema "tucheze kwepena," darasa zima linacheka.

Jina. Hii ndiyo inauma zaidi. Kule aliitwa Mkenya. Huku anaitwa Mganda. Mtoto ana nchi mbili na zote zinamwambia yeye ni wa ile ingine.

Sasa mtu anakuja na ile hoja ya damu. "Lakini sisi ni watu wamoja. Wateso wako pande zote, Wasamia wako pande zote." Ni kweli. Hata huu mpaka wenyewe ni mgeni: mpaka 1902 upande huu wetu ulikuwa sehemu ya Uganda, kabla Waingereza wauhamishe kwa kalamu bila kuuliza mtu. Lakini tafadhali tofautisha ukoo na mfumo. Ukoo wako ni mmoja. Mitihani ni miwili, pesa ni mbili, namba za simu ni mbili, vyeti vya kuzaliwa ni viwili. Mtoto haamki asubuhi kwenda kwa ukoo. Anaamka kwenda shule.

ORODHA YA MPAKANI HAINA KITU CHA MTOTO

Wale mliohama mnajua vile inaenda. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kizinduliwe Februari 2018, ukitoka Uganda unashughulikiwa mara moja tu, upande wa Kenya: uhamiaji wa kule na wa huku wako jengo moja, forodha vilevile. Na sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inasamehe ushuru vyombo vya nyumbani ambavyo mtu anayehamia alikuwa akivitumia. Kwa hivyo unapanga orodha: friji moja, TV moja, godoro tatu, meko ya gesi, makochi.

Soma hiyo orodha tena. Kuna kitu cha mtoto hapo? Godoro labda, na hata hilo limeandikwa kama mali ya nyumba. Simlaumu afisa, yeye anatafuta vitu vyenye bei. Swali langu ni kwa mzazi: kwa nini orodha yako ya moyoni iwe sawa na ya forodha?

Halafu kuna hadithi ya kaveera. Kule bado watu wanafunga vitu kwenye mifuko ya plastiki. Huku tangu Agosti 2017 mifuko hiyo ya kubebea imepigwa marufuku. Familia nyingi hukumbuka wakiwa tayari mpakani. Kwa hivyo mizigo inafunguliwa pale pale kando ya barabara, vitu vinahamishiwa kwenye magunia na zile begi kubwa za mistari, kwa haraka, dereva akipiga honi. Unajua ni vitu vya nani huwa kwenye kaveera? Vya watoto. Vya wakubwa viko kwa masanduku. Kwa hivyo wakati wa haraka, vinavyomwagwa na kuachwa ni dulu zao za kuchezea, daftari za kuchora, kile kiatu kimoja ambacho kingine kiko chini ya makochi.

Mtoto anaangalia kutoka kwa kanta. Hasemi kitu. Wewe unasema ametulia. Hajatulia, buda. Amejifunza kwamba vitu vyake ndivyo vya kwanza kutupwa.

"LAKINI" ZENU, MOJA BAADA YA NYINGINE

"Watoto watavunja vitu." Basi usiwape glasi. Wape nguo, vijiko vya bati, viatu, daftari, mablanketi. Nyumba ya kawaida ya Burumba ama Marachi Estate haina vitu vingi vya kuvunjika, tusidanganyane. Na sahani ikivunjika, ni sahani.

"Watachelewesha." Watachelewesha, ndio. Kazi ya masaa mawili itakuwa ya masaa manne. Lakini hesabu vizuri. Mtoto asiyejua sweta yake iko wapi atakuita kila asubuhi kwa mwezi mzima. Aliyeiweka mwenyewe anaenda kuichukua. Muda unaoponyoka Jumamosi unarudi Jumatatu.

"Mtoto haulizwi, hiyo ni mila." Hii naisikia sana, hasa kutoka kwa wale wanaokumbuka mila siku ya kuhama tu. Mila yangu mimi naijua hivi: mtoto anatumwa kuteka maji, kuchunga, kulea mdogo wake, kupeleka ujumbe kwa senje na kwa khocha. Anaaminiwa na mtoto mwenzake mgongoni. Sasa huyo huyo hawezi kuaminiwa na begi lake? Na kama unataka sheria, Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inasema mtoto apewe nafasi ya kutoa maoni kwa jambo linalomhusu, kulingana na umri na ukomavu wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ambao Kenya na Uganda zote ziliukubali 1990, unasema hivyo pia. Hakuna aliyesema mtoto ndiye ataamua kama mtahama. Tunasema aamue daftari zake zikae wapi.

"Sisi tulihamishwa bila kuulizwa na tuko sawa." Mko sawa? Niulize tena, mko sawa? Nitarudi kwa hii.

"Chumba ni kimoja, tuko watano, unataka mtoto apange nini?" Hii ndiyo hoja ya pekee ninayoiheshimu. Mathe yuko peke yake, amelala masaa mawili, mwenye ploti anataka kodi na dipoziti, dereva wa kanta anataka kuondoka, maji yamepotea. Huyo mama sitamhubiria. Lakini sikiliza: ninachoomba hakihitaji nafasi. Kinahitaji msumari mmoja ukutani ambao mtoto amechagua mwenyewe mahali pake, na begi lake likaninginia hapo. Kwenye chumba kimoja ndio inahitajika zaidi. Mwenye vyumba vinne anaweza kupoteza mtoto chumbani na asijue. Kwenye chumba kimoja, kila mtu anajua kila kitu ni cha nani isipokuwa mtoto.

WATOTO WA 2008 NDIO SISI

Sasa turudi kwa "tulihamishwa na tuko sawa."

Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, maelfu ya Wakenya walivuka kukimbilia Uganda kupitia hapa Busia na Malaba. Wengine walikaa shuleni na makanisani mpakani, wakapelekwa Mulanda kule Tororo, halafu wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Wengine walirudi, wengine hawakurudi kamwe. Kati ya hao walikuwa watoto wa miaka 4, 6, 9. Fanya hesabu. Hao watoto sai wako kwa miaka ya ishirini. Ni watu wa rika letu. Wengine wanasoma hii wakiwa kwa stage.

Najua wale walikimbia, hawakuhama kwa mpango. Hakuna mtu alikuwa na nafasi ya kuuliza mtoto anataka kubeba nini, na silinganishi moto na kanta. Lakini kaa na mmoja wao jioni na umuulize alibeba nini. Hataanza na siasa. Atakuambia kuhusu kitu kidogo: sweta, kikombe, kitabu cha shule ambacho hakikuisha. Ameshasahau majina ya wanasiasa wa wakati huo lakini anajua kikombe kilikuwa rangi gani.

Hivyo ndivyo mtoto anavyokumbuka. Anakumbuka kwa vitu. Nchi kwake si bendera, ni kikombe. Ukimwambia "kile tuliacha, nitakununulia kingine," wewe unaona umetatua shida ya kikombe. Yeye amesikia kwamba mahali alipotoka hapana maana.

Na tofauti ni hii: wazazi wa 2008 hawakuwa na chaguo. Wewe umekodi kanta wiki mbili kabla. Una chaguo. Usijifiche nyuma ya shida za watu wengine.

MTOTO ALIYEJARIBU KURUDI

Kwa ploti yetu iliingia familia kutoka upande wa Iganga. Watoto wawili. Walifunguliwa mizigo wakiwa wamepelekwa kanisani na jirani. Wiki ya pili, yule kijana mkubwa, miaka 9, akapotea Jumapili mchana. Tulimtafuta sokoni, kwa stage, kando ya barabara ya malori. Alipatikana karibu na mpaka, ameketi na wale wazee wanaobadilisha pesa, anawauliza gari la Iganga ni pesa ngapi. Alikuwa na shilingi 40 za Kenya. Alikuwa anaenda kuchukua ndege yake. Ndege ya waya aliyoitengeneza mwenyewe, iliyobaki juu ya kabati kule.

Wale wazee walimuuliza namba ya mama yake. Akaitaja bila kukosea hata tarakimu moja. Ilikuwa ile ya zamani, ya +256, na laini yenyewe ilikuwa imetolewa kwa simu siku waliyohamia. Hakuna aliyekuwa amemfundisha mpya.

Wacha hiyo ikae kidogo. Mtoto alikuwa na akili zote. Alijua njia, alijua namba, alijua anachotaka. Sisi wakubwa ndio tulikuwa tumemwambia "ni hapo tu ng'ambo," na yeye akatuamini. Kama ni hapo tu, kwa nini asiende?

Ndio maana nakasirika na hii sentensi. Kwanza inamnyima mtoto huzuni yake. Halafu inamwambia barabara ya malori na mpaka wa nchi ni kama uani kwa nyanya. Hapa kuna malori ya masafa marefu yamepanga foleni, kuna njia za panya, kuna watu wasiofaa. Mpaka wetu ni mzuri kwa mtu anayeujua. Kwa mtoto aliyeambiwa haupo, ni hatari.

SASA FUNGUENI HIVI

Sipendi watu wa kulalamika bila kusema kifanywe nini. Kwa hivyo hii hapa, na hakuna inayohitaji pesa nyingi.

Kabla ya kuondoka kule, kila mtoto apewe begi moja. Moja, dogo, lake. Analijaza mwenyewe. Ukiona ameweka mawe, acha mawe. Hilo begi halipakiwi kwenye kanta, linakaa mapajani mwake. Likipita mpakani, linapita naye. Na pita getini, tafadhali. Mtoto aliyevushwa njia ya panya usiku anajifunza kwamba kuja kwenu ni kosa.

Karatasi zisafiri mkononi mwa mzazi: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki ya chanjo, ripoti za shule. Siku ya kwanza zionyeshwe mtoto. "Hii ni yako, inasema ulizaliwa wapi. Hii inasema ulikuwa namba ngapi." Shule ikitaka kumshusha, atajua kuna karatasi inayosema yeye ni nani. Na kwa wale watoto wanaoitwa Wageni na mama yao ni Mkenya: Katiba ya 2010 inasema mtoto ni raia kwa kuzaliwa kama mama au baba ni raia, haijalishi alizaliwa upande gani. Zamani mtoto aliyezaliwa nje hakupata uraia kupitia mama yake. Mtoto akiitwa Mganda uwanjani, anafaa kujua hii kutoka kwa mama yake kabla aisikie kwa afisa.

Usiku wa kwanza, fungua kwanza kile mtoto atalalia. Godoro, blanketi, chandarua. Chandarua kabla ya TV, hii ni Busia, malaria haingoji mpange sebule. Mtoto ashike kona moja ya neti wakati unaifunga. Atalala akijua imefungwa na nani.

Asubuhi, vyombo. Mpe mtoto kikombe chake akitafutie mahali. Kila kitu kinachotoka kwenye gunia kipewe majina mawili. "Hii ni sigiri, huku wataiita jiko." Muite arudie. Acheke. Kufikia saa sita amejifunza maneno kumi bila kuchekwa na mtu, na hajalazimika kusahau hata moja. Mtoto mwenye majina mawili ya kitu kimoja ana utajiri, haifai aone haya.

Mpeni noti ya Uganda na sarafu za Kenya azipange mezani. Mwonyeshe mandazi ni ngapi. Halafu umtume dukani ukimwangalia kwa mlango.

Siku hiyo hiyo, namba mpya ya simu. Aimbe mpaka aishike. Aandike kwa peni ndani ya begi. Mpaka aikariri, ile laini ya zamani ibaki kwa simu.

Chagueni kitu kimoja cha kule kikae mahali pa kuonekana. Picha, kalenda ya zamani, mkeka. Sio kwa kabati, ukutani ama sakafuni. Mgeni akiuliza, mtoto ndiye ajibu.

Na kitu kilichoachwa, sema ukweli. Usiseme kimepotea kama ulikitupa. Sema, "Tulikiacha, hakukuwa na nafasi, pole." Kama kinaweza kufuatwa, kifuatwe. Hapa ndipo ile "ni hapo tu ng'ambo" ingekuwa na kazi! Kama ni karibu hivyo, si mrudi Jumamosi moja mkachukue ndege ya waya? Ajabu ni kwamba ng'ambo huwa karibu wakati wa kumnyamazisha mtoto, na huwa mbali wakati wa kumrudishia kitu chake.

NA SISI MAKAKA NA MADADA

Mniache nimalize na rika letu, kwa sababu tukisema ukweli, mizigo ya hizi nyumba haifunguliwi na wazazi. Inafunguliwa na sisi. Mathe yuko kazini, mzee anaongea na mwenye ploti, wewe wa miaka 17 ndio umebaki na magunia sita na wadogo zako watatu. Na wewe ndio husema, "Toka hapa, nendeni nje mcheze."

Nje wapi? Na nani? Wamefika jana.

Ukifika hapo kwa hilo gunia, weka simu chini. Kama unataka kurekodi vidio ya kuhama, rekodi, lakini usimfanye mtoto anayelia kuwa kichekesho cha watu usiowajua. Mwite. Mwambie, "Kuja tufungue yako kwanza." Mweke akae juu ya godoro, afungue fundo mwenyewe hata kama atachukua dakika kumi. Wewe ni daraja lake. Unajua kule, unajua huku, unajua Sheng ya huku na unajua wanavyoongea kule. Mama hawezi kumfundisha jinsi ya kuingia kwenye mchezo wa kati bila kuchekwa. Wewe unaweza.

Na kwa wale tuliokuwa hapa kabla: familia mpya ikishusha mizigo kwa ploti yenu, usisimame kwa balkoni ukihesabu viti vyao. Shuka. Beba kitu. Kama una mdogo wako, mtume na mpira. Mtoto akisema kwepena, mjibu kwepena. Kesho mwambie huku inaitwa kati.

Nchi hizi mbili zitaendelea kuwa mbili, na sisi tutaendelea kuvuka. Hiyo ndiyo maisha yetu na mimi sibadilishi na ya mtu. Lakini mtu mzima akikuambia tena "waambiwe nini, si ni hapo tu ng'ambo," muulize swali moja: begi la mtoto liko wapi, na nani amelifungua? Akikosa jibu, mwambie aache kuning'iniza pazia na akawaite watoto kwa jirani. Kuna kazi yao imebaki.